Harufu ya Jani Lililotafunwa

Rashidi mwanangu,

Usicheke. Najua ukifika kwenye neno hilo utacheka, kwa sababu juzi tu tulikuwa tunagombania ukoko wa wali, na mtu anayegombania ukoko na mtoto hana sura ya mzazi. Lakini kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na hapa Mnyambe hakuna anayeuliza umri. Mama yako alipofariki mimi nilikuwa mdogo kiasi kwamba mama yangu, Bibi yako, alinikalisha mkekani, akakuweka mapajani mwangu, na kichwa chako akakishika yeye mwenyewe kwa sababu mikono yangu haikutosha. Wanawake waliokuwa msibani wakasema, "Haya, Zuhura, huyu sasa wako. Ukimwangusha shauri yako." Nadhani walikuwa wanatania ili watu wapumzike kulia. Mimi sikujua kama ni utani. Nilikushika hivyo hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na nikakataa kukuachia mtu.

Sasa ni alasiri. Umeenda na Mjomba kuaga kwa majirani, na kwa jinsi Mjomba anavyopenda maneno hamtarudi mapema. Bibi yuko uani anatwanga kisamvu. Mimi nimekaa kitandani kwako, karibu na sanduku ambalo umelifunga na kulifungua tangu asubuhi kana kwamba kuna mtu anaiba humo. Kesho unateremka Masasi. Nakuandikia kwa sababu jambo likiwa kubwa sauti yangu hukimbia, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Blanketi, sweta, vidonge vya foliki asidi vya damu, kunywa maji kabla hujasikia kiu: hayo Bibi ameshayasema, na kesho atayasema tena ukiwa umeshika mlango wa gari. Nayaacha. Nataka kuandika jambo moja linalonitisha.

Naogopa utaumwa, na utanyamaza.

Ndilo hilo. Siogopi kwamba utafeli. Siogopi wanafunzi wakubwa. Naogopa siku moja ya baridi bwenini, mfupa wa mguu unaanza kukugonga kutoka ndani, na wewe unajifunika shuka usoni na kumwambia wa kitanda cha jirani kwamba una usingizi tu. Naiona picha hiyo nikifagia. Naiona nikiwa darasani, mwalimu anaandika ubaoni na mimi ninakili bila kusoma. Jana nilisimama katikati ya ua na ndoo tupu mkononi, nimesahau nilikuwa naenda wapi, mpaka Bibi akauliza kama nimeota mizizi.

Na najua ulikojifunzia kunyamaza. Ulijifunzia kwangu.

Ulikuwa darasa la nne, ndiyo kwanza umetoka kulazwa. Nesi alikuwa ametueleza taratibu kwamba seli zako za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na kule zinakokwama ndiko kunakouma. Kwamba usikimbizwe sana, usipigwe na baridi, usikae na kiu. Bibi akanituma shuleni kwako nikamweleze mwalimu. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno yangu kwa sauti ya chini kama mtu anayekariri shairi. Nikafika mkiwa mmepangwa mstarini. Mtu mwenye akili angesubiri mtawanyike. Lakini nilijijua: nikisubiri, nitarudi nyumbani na maneno yangu yote. Nikaenda moja kwa moja mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

Yakatoka kwa mkupuo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu. "Rashidi ana sikoseli, damu yake mbovu, asikimbizwe, asibebeshwe maji, na akilia msimchape."

Uwanja mzima ukanigeukia. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Mbovu kama embe?" na wote wakaangua kicheko, kwa sababu macho yako wakati ule yalikuwa ya manjano kweli. Ukawa Embe mpaka umemaliza darasa la saba. Nilikuona kwenye mstari wako. Hukulia. Uliangalia vidole vya miguu yako, na jioni uliniuliza swali moja tu, bila hasira yoyote: "Mama mdogo, hukuweza kumwambia pembeni?"

Baadaye nikaleta ule mkaa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtoto akifuatiliwa ukuaji wake anasaidiwa, basi kila mwezi nikawa nakusimamisha kwenye mwimo wa mlango, napiga mstari wa mkaa juu ya kichwa chako. Mistari ikasogeleana mpaka ikawa kama mstari mmoja mnene. Wenzako walikuwa wanarefuka, sauti zinakwaruza, na wewe ulikuwa pale pale. Siku moja nilipokuita ukasema, "Pima mlango. Labda wenyewe unakua." Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilicheka. Lakini mwezi uliofuata, siku ya kupimwa, hukuja ndani mpaka nilipolala, na nikaelewa.

Kwa hiyo msimu wa korosho uliopita, maumivu yalipoanza, ulifanya ulichofundishwa. Mlikuwa shambani kwa Mjomba mkitenganisha korosho na mabibo. Mkono wako wa kulia ukaanza kuuma tangu asubuhi, ukahamia wa kushoto. Mjomba akapita akakuona umekaa. "Wewe bwana mdogo, korosho hazitambai zenyewe kwenda kwenye gunia." Ukatabasamu. Mjomba hadi leo analisimulia lile tabasamu, na kila akilisimulia anasimama kidogo katikati. Niliporudi kutoka shule nilikukuta umelala juu ya magunia matupu, ngozi inachoma, meno yanagongana.

Kwenye bodaboda nilikukumbatia kutoka nyuma. Barabara ile yenye mashimo sitaki kuielezea. Hospitali nesi akauliza, "Ameanza lini?" Nikajibu, "Sasa hivi," kwa kuwa ndivyo nilivyojua. Wewe ukasema kutoka kitandani, "Tangu asubuhi." Nesi akageuka kunitazama.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka. Hakucheka. Akasema, "Basi nisikilize, mama. Huyu akiwa na homa hasubirishwi. Mkisubiri, mnampoteza." Alilisema kwa upole kabisa, na tangu siku ile sijalala usingizi wa kuzama. Ukigeuka upande wa pili wa ukuta nasikia.

Ulipopata nafuu yakaja majina ya waliochaguliwa, na lako likiwemo, shule ya bweni Masasi. Bibi alipiga vigelegele peke yake uani. Wewe ukaniita nyuma ya jiko. "Kule hakuna anayenijua," ukasema. "Usimwambie mtu yeyote. Niapie." Nikaapa. Ulivyonitazama ningeapa kitu chochote. Sasa kiapo hicho kinakaa nami nikila chakula na nikinywa maji.

Nikuambie nilichojifunza kwenye mimea, na usinune kwamba naanza tena. Unajua kile kitabu kikubwa cha baiolojia ambacho mwalimu aliniazima. Nilikisoma kwa ajili ya mtihani. Halafu nikaendelea kukisoma kwa ajili yako, ingawa hakuna ukurasa hata mmoja unaokutaja.

Mmea hauna damu wala mishipa ya fahamu, lakini una homoni: vitu vidogo sana unavyovitengeneza wenyewe, vinavyosafiri ndani yake kupeleka amri. Mojawapo inaitwa auksini, na wewe unaifahamu bila kujua jina lake. Inatoka kwenye ncha ya juu kabisa ya mmea na kushuka, ikiyaambia macho ya pembeni yatulie kwanza, yasichipue. Bibi akichuma ncha za kisamvu, ile amri inakatika, na machipukizi ya pembeni yanatoka kwa fujo. Ndiyo maana muhogo wa karibu na jiko letu umekuwa mpana kama kichaka huku wa shambani umenyooka.

Auksini ndiyo iliyoua kunde zetu mwaka juzi, au tuseme ndugu yake wa dukani. Unakumbuka Mjomba alivyokuja na bomba la kupulizia, vidukari wamejaa kwenye kunde, na bomba lenyewe ameazima kwa jirani aliyekuwa analipulizia dawa ya magugu kwenye mahindi.

"Nimeliosha," akasema.

"Umeliosha kwa maji gani?" Bibi akamuuliza.

"Nimelisuuza, mama. Kikombe kimoja. Au ulitaka nimwage ndoo nzima huko, halafu jioni tunywe umande?"

Na hakuna aliyemlaumu. Huku juu kwetu maji ya kuoshea bomba ni maji ya kupikia yamevaa nguo nyingine. Kikombe kimoja kilionekana ni heshima tosha. Lakini baada ya siku chache kunde zilianza kujikunja kama kucha za kuku. Mashina yakavimba, yakapinda, yakapasuka. Bibi alianza kuhesabu nani alipita njiani na macho yake mabaya. Mimi nilisoma mpaka nikapata: dawa nyingine za magugu zinaigiza auksini. Zinaamuru mmea ukue, kila mahali, kwa mara moja, bila kupumzika, na mmea unatii mpaka unakufa. Nilipomweleza Bibi, aliangalia shamba kisha akasema, "Kwa hiyo zimekufa kwa afya?"

Tulicheka sana. Ila wewe hukucheka. Uliniuliza, "Na ya watu hakuna? Kidogo tu, isiyoua?" Nikaanza kukueleza kwamba homoni za watu ni tofauti na za mimea, na jinsi zinavyotofautiana, na nilifurahi kwa kuwa kuna mtu ananisikiliza. Nilizungumza mpaka ukalala. Sikusikia kwamba mtoto alikuwa ananiomba arefuke kabla ya kwenda kidato cha kwanza. Nimekaa na swali hilo tangu hapo. Jibu lake nalijua sasa, ila linaanzia kwenye mahindi.

Wiki ile mvua ilipotulia tulienda kutoa viwavi kwenye mahindi, mimi nikiwa na jivu, wewe na kijiti. Ulifungua moyo wa mmea mmoja ukamkuta kiwavi mnene, anatafuna, ameacha vinyesi kama unga wa mbao. Nikakuambia kwamba hapo alipoanza kutafuna, mmea umeshajua. Kuna homoni inayoamka jani likijeruhiwa na mate ya kiwavi yakiligusa.

"Inafanya nini?" ukauliza.

"Inapeleka habari. Majani mengine ambayo hajayafikia yanaanza kutengeneza vitu vya kumvuruga tumbo. Na mmea unatoa harufu."

Ukainama ukanusa. "Inanuka majani."

"Si kwa pua yako. Kwa nyigu. Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya kiwavi. Wakiipata harufu hiyo wanajua kiwavi alipo, wanakuja."

"Kwa hiyo mmea unaita."

"Unaita."

Ulimtoa yule kiwavi kwa kijiti, ukamtazama anavyojiviringa. "Na kama hautaki watu wajue?"

Nikasema kwamba mmea hautaki wala haukatai, ni kemia tu. Ukamkanyaga kiwavi kwa kisigino. "Basi mimi ndiye nyigu," ukasema, ukaenda mstari mwingine. Nilicheka peke yangu na jivu langu. Nilikuwa nimefika nyumbani, naosha mikono, ndipo nikajua ulichoniuliza.

Jibu langu ni hili. Mbuzi akipita pembeni ya mmea ule, hasikii kitu. Mjomba akipita na redio yake, hasikii kitu. Harufu ile ina maana kwa yule tu anayeweza kusaidia. Mmea hauutangazii uwanja mzima. Mimi siku ile mstarini nilikutangaza kwa mbuzi, mwanangu. Ndilo lilikuwa kosa langu. Kusema kwenyewe hakukuwa kosa, na naogopa umeyachanganya hayo mawili kwa sababu mimi ndiye niliyeyachanganya kwanza.

Na kuhusu kurefuka. Kitabu kinasema mmea hauwezi kufanya yote kwa nguvu ile ile. Ile amri ya kujilinda ikipanda, amri ya kurefuka inashushwa. Mmea unaopambana na viwavi hubaki mfupi kuliko jirani yake, na mtu anayepita njiani atasema huu umedumaa. Haujadumaa. Una kazi nyingine. Kuna homoni nyingine tena, ya magonjwa ya ukungu na bakteria, na hiyo ni ndugu wa asprini, ile ambayo nesi alitukataza kukupa kwa sababu bado mtoto. Nayo ikifanya kazi muda mrefu mmea unapunguza kukua. Nilipokuambia hiyo uliniuliza kama mkorosho ukiumwa ubwiri unga unameza panado, na ukakataa kuendelea kusikiliza.

Najua wewe si mmea. Mwalimu wangu angenikata maksi kwa kulinganisha hivi. Lakini nilimuuliza nesi, siku ile ulipokuwa umelala na maji yanashuka kwenye mrija, na akaniambia kwamba mwili wako unatengeneza damu mpya usiku na mchana kwa sababu ile ya zamani inavunjika upesi, na kazi hiyo inakula kilichokuwa kikupeleke juu. Watoto wa namna yako huchelewa kurefuka na huchelewa kubalehe, akasema, lakini wengi hufika. Nilipaswa kurudi nyumbani nikafute ile mistari ya mkaa siku hiyo hiyo. Sikufuta. Niliona aibu kwamba utaniona nafuta. Nimeifuta leo asubuhi ulipokuwa unaoga, na kitambaa kimebaki cheusi.

Nitakiri na hili, maana Mjomba hawezi kukaa na siri na atakuambia njiani. Leo nilimwita pembeni nikamwomba amwambie patroni wa bweni kimyakimya kuhusu ugonjwa wako, wewe usijue.

"Uliapa au hukuapa?" akaniuliza.

"Niliapa."

"Basi usinitume mimi nikuvunjie. Kama ni kuvunja, kavunje mwenyewe, una miguu."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kiapo hakiwezi kumpeleka mtu hospitali. Akasema, "Na wewe je, utampeleka kila siku ukiwa Mnyambe?" Halafu akaenda kutafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani.

Kwa hiyo sijui. Naandika na bado sijui. Nikivunja kiapo, utakuwa umedhalilishwa na mimi mara ya pili, na mara hii hutaniuliza chochote jioni, utaacha tu kuniambia mambo. Nisipovunja, naona lile shuka usoni. Hospitali ya Mkomaindo haiko mbali na shule, watu wanasema ni mwendo mfupi tu, lakini mwendo mfupi haumsaidii mtu ambaye hajasema kwamba anahitaji kwenda. Ninakuomba umchague mtu mmoja. Uwe umemwangalia kwanza, uone kama ni mtu wa kucheka. Umwambie kabla hujaumwa, na ukianza kuumwa umwambie wakati bado ni kitu kidogo ambacho unaweza kukiona aibu kukitaja. Hapo pa aibu ndipo. Ukifika mahali ambapo huoni aibu tena, ujue umechelewa.

Bibi ananiita. Narudi.

*

Nimerudi. Jua limeshuka nyuma ya mikorosho na nimewasha taa. Mwanga ni mdogo, utanisamehe mwandiko.

Ulirudi peke yako. Nilikuwa uani na Bibi, nasukuma kuni chini ya chungu, nikakuona umesimama pembeni ya tangi la maji. Nikasema, "Mjomba umemwacha wapi?" Ulisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha:

"Mama mdogo, paja la kushoto. Linaanza. Bado dogo."

Hujawahi. Miaka yote hii nimekuwa nikiyapata maumivu yako mwenyewe, kwa kukuangalia unavyoshuka ngazi, kwa kuhesabu matonge unayoyaacha, kwa kukugusa ukiwa umelala. Sikuwahi kuletewa. Nilitamani kushukuru na nilitamani kupiga kelele, na sikufanya hata kimoja. Nilisimama na ukuni mkononi mpaka Bibi akaninyang'anya.

Tulifanya yale tunayoyajua. Maji, kikombe juu ya kikombe. Kidonge. Kitambaa cha moto. Nilikugusa shingoni kwa nyuma ya mkono, nikarudia, nikamwomba Bibi naye aguse, kwa sababu mkono wangu siuamini. Hukuwa na homa. Uliniacha nikuguse.

Bibi akakaa kwenye kigoda chake akafunga kanga upya. "Basi kesho haendi mtu," akasema. "Mume wangu simpi Masasi akiwa hivi. Shule haina miguu, itamkuta hapa hapa."

"Bibi, ndiyo maana nimesema," ukamwambia.

"Umesema nini?"

"Nimesema mapema. Ningekuwa nataka kubaki, ningenyamaza mpaka asubuhi."

Bibi akaendelea kukumiminia maji mpaka kikombe kikajaa, yakamfurikia mkononi na kudondoka mchangani, na Bibi hamwagi maji. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa.

Mjomba alipofika akakuta tumekaa hivyo, akadhani tunagombana. Akaelezwa. Akakuuliza wewe, si mimi wala Bibi, "Tunafanyaje, bwana?" Ukasema kwamba ukiamka na homa tunakwenda hospitali na gari liende bila wewe, na kama limepoa unateremka, na utamwambia patroni mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hujatandika kitanda. Ukasema huyo patroni akiwa mtu wa kucheka utamtafuta mwingine. Sijui umeyafikiria lini hayo. Barua hii hujaisoma, ilikuwa ndani, chini ya godoro lako.

Sasa umelala kwenye mkeka hapa karibu na mimi, kwa sababu kitanda umesema kinakulaza vibaya. Bibi anaswali. Mjomba amekaa nje, redio imezimwa. Bado naogopa, mwanangu, sitaki kukudanganya kwamba nimeacha. Naogopa kesho ukienda, naogopa kesho usipoenda. Naogopa upepo wa Julai, watu wanapopuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho na baridi inaingia hata ndani ya jiko, na wewe utakuwa kule chini ambako sitajua kama kuna baridi au hakuna. Naogopa siku ambayo utasema mapema na yule uliyemwambia asisimame. Sina neno la kuweka hapo. Nimelitafuta.

Nimekuwekea mkono kwenye paji la uso mara nyingi sana tangu nianze ukurasa huu. Mara ya mwisho ulifungua jicho moja.

"Bado, mama mdogo," ukasema. "Likibadilika nitakuambia."

Ukafumba.

Nimeuondoa mkono.

Mama yako mdogo,
Zuhura